Choo cha Uswisi

Wakaaji wote wa Likasi wanajulishwa kwamba, kuanzia Jumatatu, Ulaya itasimamiwa vizuri.

Ndivyo lilivyosema tangazo la Papa Symphorien, chef, yaani mkuu, wa Ofisi ya Mipaka, na tuseme kweli, lilikuwa limechelewa. Alikuwa amesikia kwamba huko Ulaya mtu akishapata visa ya Ubelgiji, anapanda treni, anaingia Ujerumani, na hakuna hata askari mmoja wa kumwuliza anatoka wapi. Hakuna kizuizi. Hakuna hata kamba. Symphorien aliwahurumia Wazungu hao toka moyoni. Jirani akisahau kufunga mlango wake, si unamfungia?

Basi akaigawa ofisi. Chumba cha kwanza kikawa Ubelgiji, cha pili Ujerumani. Choo, kwa kuwa ndicho pekee chenye komeo zima, na komeo lenyewe liko nje, kikawa Uswisi. Kamba ya kuanikia nguo ilivutwa kukata korido, na kando yake akaketishwa Dodo, karani ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosea kanuni, maana hakuwahi kuifikiria.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Philomène, mjane anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Visa ya Ubelgiji alikuwa nayo. Jumapili mjukuu wake wa kwanza alikuwa anabatizwa Aachen, Ujerumani, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Alikuja kuchukua cheti cha mwenendo mwema. Symphorien akachukua pasipoti yake.

"Ndege yako ni siku gani, mama?"

"Kesho, chef."

"Bon. Faili yako ya kuingia Ujerumani tutaisoma mwezi ujao."

"Lakini visa ya Belgique inaingiza mupaka Allemagne. Mutoto wangu alinielezea."

"Inaingiza kule," alisema Symphorien kwa upole. "Huku bado."

Tena ilihitajika barua ya mtu wa Likasi anayemngoja msafiri. Huyo aisaini mbele ya kamba, naye asitoke mjini mpaka msafiri arudi. Kama hakuna anayekungoja, utarudi kwa nani? Hapo hata mimi nasema kanuni ilikuwa na akili.

Mama Philomène akaenda, akarudi na wanawake kumi na wanne wa kwaya ya parokia, wote wamevaa pagne za sikukuu. Wakasaini mmoja mmoja. Symphorien akasoma majina yote kumi na manne, akakiri kwamba faili imekamilika, akairudisha kwenye rundo la mwezi ujao. Mama Philomène akakaa kwenye benchi, machozi yakimtoka bila sauti.

Sasa, asubuhi ile chef alikuwa amekamata samaki wanane waliokaushwa kutoka kikapu cha mama huyo, kwa uchunguzi. Samaki hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuwachunguza wote wanane. Tumbo likamwita, akainama chini ya kamba, akaingia Uswisi mbio.

Dodo akaandika saa. Akaenda, akafunga komeo.

Baada ya muda mlango ukatikisika. "Dodo, fungua. Ni minye."

"Uko na ordre de mission, karatasi ya safari, chef?"

"Ya kwenda choo?"

"Ya kwenda Suisse. Règlement ni yako, chef. Muntu akivuka bila karatasi, anabakia kule kule mupaka faili yake isainiwe."

"Basi saini!"

"Mwenye kusaini ni chef, na chef iko inje ya inchi." Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Dodo alikuwa anafikiri. "Chef akiwa inje, intérim ni minye, minye ndiye nasaini."

Akaenda akaketi kwenye kiti kikubwa, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Akatoa faili ya Mama Philomène, akasaini, akapiga muhuri, akampa pasipoti yake. Kisha akarudi mlangoni.

"Sasa faili yako, chef. Barua ya mwenye kukungoja iko wapi?"

"Uliza batu ba ku mulongo!"

Dodo akauliza kwa sauti ya kiofisi: "Ni nani anamungoja Chef Symphorien?"

Mle koridoni, kwenye foleni, mlikuwa na watu thelathini waliokuwa wamemngoja tangu alfajiri, wengine tangu mwaka jana. Wote wakatazama viatu vyao.

Mama Philomène alikuwa amefika mlango wa nje. Akasimama, akaona huruma, akarudi.

"Leta karatasi. Minye nitamungoja."

Huko Uswisi ikasikika pumzi ndefu. "Aksanti, mama. Aksanti sana."

"Lakini mwenye kungoja hatoke Likasi," Dodo akamkumbusha.

"Ni vile." Akaifunga pasipoti ndani ya pagne, akausogelea mlango wa choo ili chef asikie vizuri. "Chef, uvumilie kidogo. Nitaanza kukungoja nikirudia, miezi tatu ikipita."