Seva Yapata Makazi Bora

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, mtaa kwa mtaa, kwamba enzi ya seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti, kulala ovyo imekwisha. Kuanzia sasa kila biashara ndogo yenye tovuti ingechaguliwa seva na Kamati ya serikali, nayo seva ingeishi mahali penye hadhi.

Digrii alifurahi mpaka akapiga makofi peke yake barabarani. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, mshonaji wa sare za shule, siku alipohitimu. Digrii alikuwa amemtengenezea shangazi tovuti ya kupokea oda, na shule zilikaribia kufunguliwa. Tovuti ikichelewa, wazazi wangekimbilia duka kubwa la ng'ambo, na cherehani za shangazi zingelala doro.

"Serikali imetukumbuka, shangazi!"

"Mh. Ikikukumbuka sana, mwanangu, jifunike."

Mbele ya Kamati, Digrii alieleza kwa moyo mweupe kwamba angepanga kwa kodi nafasi ndogo kwenye seva ya kampuni fulani. Wao wangeilinda, wangeipoza, wangehifadhi nakala kila siku. Biashara ikikua, angeongeza nafasi.

Mkurugenzi, mkuu wa Kamati, alivua miwani, akaiweka mezani. "Kupanga? Seva ya raia wangu ilale kwa watu, kana kwamba haina kwao?"

"Aibu," alisema Katibu, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Kamati ikaazimia Digrii anunue seva yake mwenyewe. Akanunua kuukuu, kijisanduku cha kuenea kwapani. Ndipo Mkurugenzi akagonga mhuri Masharti ya Makazi Bora: chumba kiwe na ubaridi mchana kutwa, umeme usikatike, mlango uwe na kitasa madhubuti, pasiwe na kelele, chai wala wageni, na asiingie mtu bila kibali chenye mhuri wa Mkurugenzi, "hata awe nani." Hayo ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, akayasoma tena kwa mahaba.

Wakaenda kukagua duka la shangazi. Pasi zinafuka, nyuzi zinapepea. Katibu alijifuta jasho kwa kaptura ya mtoto wa watu.

"Seva itaungua humu."

"Na mimi je? Mbona siungui?" shangazi akauliza.

"Wewe hujatajwa kwenye masharti, mama."

Wakapekua mji. Benki iliwafukuza. Mochwari palikuwa na ubaridi na kimya cha kuridhisha, ila wageni hawakukatika.

Wakarudi ofisini kwa Mkurugenzi, Digrii akiwa na kijisanduku kifuani na machozi karibu. Kiyoyozi kikampuliza utosini. Akainua macho. Nje, jenereta ilikuwa tayari. Mlango ulikuwa na kitasa cha shaba. Na kimya kilitawala, maana, ukimtoa Digrii, raia hawakuwahi kuruhusiwa kuvuka kizingiti kile.

"Mheshimiwa," alisema, uso ukimng'aa, "mbona makazi bora tunayo? Tumeyakalia!"

Katibu alitafuta kipengele cha kukataa, akakikosa, akapiga makofi. Mkurugenzi akavimba kifua. "Bila shaka! Hakuna ofisi inayoishinda yangu."

Seva ikawekwa mezani, kati ya miwani na mhuri, ikawashwa. Oda ya kwanza ilipoingia, shangazi alipiga vigelegele kwenye simu mpaka Kamati nzima ikasikia. Kisha Katibu, kwa heshima zote, akamtoa Mkurugenzi nje na kufunga mlango.

Asubuhi yake Mkurugenzi alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amebanwa na raia, akijipepea kwa mkono.

"Katibu, nipe miwani yangu tu."

"Kibali, mheshimiwa."

"Kibali natoa mimi!"

"Kweli kabisa. Mhuri uko wapi?"

Mkurugenzi akautazama mlango wake.

"Baba, usichomekee," fundi viatu mmoja akamwambia. "Foleni inaanzia kule."

Digrii alikuwa amekuja kushukuru. Mkurugenzi akamvuta pembeni, sauti chini. "Mwanangu, ile ya kupanga... seva ikitaka kuhamia huko, inachukua muda mrefu?"

"Hata kidogo, mheshimiwa!" Digrii alimwonea huruma ya kweli. "Niingie tu, nichukue nakala, tunahama leo leo. Nipatie kibali."

Nyuma ya mlango, kwenye ubaridi, seva iliendelea kupokea oda za sare, bila kelele, bila chai, bila wageni.