Fundi Suti na Vyuo Vitatu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Kifungua mimba wangu atafanya kazi benki. Si ile ya kukaa nyuma ya kioo na kugonga mihuri, la! Benki ya uwekezaji. Nimeamua saa nne asubuhi nikiwa nimepiga magoti, pini sita mdomoni, nikipima suruali ya mteja wangu mkubwa.

Jina lake silitumii. Fundi makini huwajua watu kwa vipimo. Huyu ni Thelathini na Nane, ingawa tangu apandishwe cheo ni Arobaini na hataki kusikia. Yeye ni mtu wa benki hiyo. Nikamwuliza kazi yenyewe hasa ni ipi. Akasema wao hawatunzi akiba za watu. Kampuni kubwa ikitaka kuuza hisa, au kuinunua kampuni nyingine, wao ndio wanaokaa katikati, wanapima thamani na kuwakutanisha wakubwa. Nikaelewa papo hapo. Udalali, ila kwa tai.

Suti tatu kwa mwaka! Na binti yangu hesabu anazitafuna kama karanga. Matokeo yake ya sekondari yametoka safi kabisa. Fomu ya kuomba vyuo inajazwa kwenye kompyuta, ina nafasi tatu tu, na ikishatumwa haibadilishwi. Mwisho ni Ijumaa.

Tatizo ni Kinyozi. Kibanda chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Mwanawe naye amemaliza sekondari, naye anataka benki hiyo hiyo. Na Thelathini na Nane hunyolewa pale kila Alhamisi! Mtu mwenye wembe shingoni atakuficha nini? Mimi nina pini tu.

Jumanne, 4 Juni

Thelathini na Nane kaja kujaribu koti. Nimemzungusha kwa ustadi. Kwanza hali ya hewa. Kisha mabega. Kisha, nikiwa nimemzungushia futi kifuani na hana pa kukimbilia, nikamwuliza, kama vile limenitoka tu, alisoma wapi. Akajibu bila hata kufikiri: Chuo cha Takwimu, kule milimani, basi linaishia chini halafu unapanda kwa miguu. Akaongeza kwamba idara yao inawapenda watu wa huko, kwa sababu wanahesabu kwanza ndipo wanaongea.

Nikacheka moyoni. Nani anataja njia yake ya kweli mara ya kwanza kuulizwa? Mimi mtu akiniuliza ninakonunua vitambaa, namwelekeza mji mwingine. Huyu bwana ana watoto, anawalindia nafasi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi ovyo.

Utafiti wangu mwenyewe ndio wa kutegemea. Nimepata kijitabu cha chuo kilichojengwa kwa vioo kutoka chini mpaka juu. Nakiita Chuo cha Vioo. Karatasi inang'aa, inateleza mkononi. Picha tano, wanafunzi watano, wote ndani ya suti! Nimezikagua kwa miwani. Bega limekaa. Halafu ajabu: kila koti limepungukiwa kifungo cha pili, mkono wa kushoto. Wote watano! Nimewaza mpaka chai ikapoa. Bila shaka ni alama ya chuo. Wakifika benki wanatambuana kwa hiyo. Jambo kama hilo angeliona nani kama si fundi?

Kuna koti la buluu iliyokolea ninalomshonea binti kwa siri. Nimeng'oa kifungo cha pili. Mapema, Thelathini na Nane alipomaliza kujaribu koti, nilikwenda kununua uzi, nikamwachia binti amfungie mfuko wa nguo zake nyingine.

Jumatano, 5 Juni

Mama Watoto kauliza kwa nini simwulizi mtoto anataka nini. Nimemjibu kwamba mtoto hajui anachotaka, ndiyo maana akapewa baba. Akanitazama vile anavyotazama maziwa yanapokaribia kufurika.

Orodha imekamilika. Namba moja, Chuo cha Vioo. Namba mbili, chuo chenye mnara wa saa. Namba tatu, chuo chenye neno "Kimataifa" mara mbili ndani ya jina moja. Nimemkabidhi binti karatasi. Kaisoma, kaikunja mara nne, kisha kauliza kama ningependa kusikia wazo lake. Nikamwambia sana, kesho. Nilikuwa na pindo la kumaliza.

Jioni nikawa naficha kijitabu ndani ya bitana ya koti. Kugeuka, nani yuko mlangoni? Kinyozi! Eti kaja kuazima pasi. Macho yake yote kwenye bitana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sijui walimjuaje jirani yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya Thelathini na Nane kwa Kinyozi. Nimetega sikio kwenye ukuta wa mbao dakika arobaini nzima. Mpira. Mpira tena. Mba. Nimetoka na kibanzi sikioni, na Mama Watoto ndiye aliyekitoa, kwa koleo, huku anacheka.

Dawa ya moto ni moto. Nimeandika orodha ya pili, ya uongo. Juu yake, kwa herufi kubwa: SIRI. VYUO BORA KWA BENKI YA UWEKEZAJI. ASIONE MTU. Namba moja nimeweka Chuo cha Takwimu cha milimani, ili uongo wa mteja usipotee bure. Namba mbili, chuo cha ufugaji nyuki. Namba tatu, chuo cha upimaji ardhi. Kisha nikaenda kunyoa ndevu ambazo sina, na wakati wa kuondoka nikaisahau karatasi kwenye benchi, kati ya magazeti ya zamani. Kuisahau kulinichukua majaribio matatu, maana Kinyozi hakubanduka kwenye kioo. Akasema leo ngozi yangu ina jasho jingi.

Kidevu kimekuwa kama yai. Moyo mweupe. Binti alikuja tena na lile wazo lake. Nikamwambia kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Imekwisha! Binti kaenda duka la fotokopi na kijana wa Kinyozi, wakajaza fomu zao kwenye kompyuta moja, mmoja baada ya mwingine. Hao ni marafiki tangu walipokaa dawati moja darasa la kwanza, jambo ambalo nimelipinga kwa miaka kumi na mitatu bila mafanikio.

Nilimwuliza kama amejaza. Akasema amejaza, baba, kama ulivyoandika, namba moja mpaka tatu. Halafu akanikumbatia. Hajanikumbatia hivyo tangu alipokuwa mdogo. Nilifuta miwani mara mbili.

Kinyozi alikuwa mlangoni kwake anapunga taulo. Nikamwonea huruma. Mwanawe na nyuki!

Jumatatu, 24 Juni

Majibu yametoka. Binti yangu kachaguliwa. Chuo cha Takwimu. Milimani!

Nilikaa chini. Nilikalia kimto cha kuchomekea pini. Sikusikia kitu.

Nikamwuliza imekuwaje, akanieleza yote huku anacheka. Alhamisi ile alikwenda kwa Kinyozi kumsubiri rafiki yake. Akafunua magazeti, akaona mwandiko wangu. SIRI. Namba moja, Takwimu! Na siku mbili kabla, nilipokwenda kununua uzi, alikuwa amemwuliza Thelathini na Nane ni chuo gani kingemfaa. Swali moja tu, uso kwa uso. Akapewa jibu lile lile nililopewa mimi. Alikuwa ananitafuta aniambie, nami kila siku namwambia kesho. Basi alipoiona ile karatasi, alidhani ile ya kwanza niliiandika kwa ajili ya macho ya watu, na hii ndiyo ya moyoni, ila niliona haya kumpa mkononi. Nyuki alidhani ni utani wangu.

Hapo akaacha kucheka. Akasema siku zote aliamini baba anaziona suti, yeye hamwoni. Kumbe nilikuwa namwona. Machozi yakamtoka.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Haukutoka, na siku hiyo hata pini mdomoni sikuwa nazo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mtoto wangu alikuwa ananishukuru kwa mtego niliomtegea jirani! Nikasema: baba anajua. Kutoka jikoni Mama Watoto akakohoa kikohozi kirefu, naye hana mafua.

Jumanne, 25 Juni

Kijana wa Kinyozi kapata Chuo cha Vioo! Kinyozi mwenyewe kaja kunishukuru, mkono kifuani. Anasema orodha yangu aliisoma, na kwa kuwa ananijua miaka ishirini, alimwambia mwanawe ajaze chochote kisichokuwemo. Kisha akakumbuka kile kijitabu. Anasema kitu anachokificha fundi ndani ya bitana ndicho kitu chenyewe. Binti alikuwa amemsihi rafiki yake aende kwanza akakione hicho chuo. Kinyozi akamwambia huo ni wivu wa ukoo.

Thelathini na Nane kaja kuchukua suti yake, akazikuta habari. Akampa binti mkono, akamwambia akifika mwaka wa tatu amwandikie, wana nafasi za mazoezi ya kazi kwa wanafunzi. Mkono kabisa, kama mtu na mwenzake! Nikamwuliza, kama vile limenitoka tu, kuhusu Chuo cha Vioo. Akasema tangu aanze kazi hajaona ombi hata moja kutoka huko, na lile jengo si lao, anavyojua humo wamepanga ghorofa moja tu. Akakitazama kijitabu. Akasema mbona hawa wote wamevaa koti moja, wanapokezana?

Nilimtazama kwa huruma. Mtu wa hesabu huyo. Ya nguo atayajulia wapi?

Jumatano, 26 Juni

Nimempa binti koti. Kalivaa, kageuka mara mbili mbele ya kioo, bega limekaa kama limezaliwa naye. Kisha akaona mkono wa kushoto. Akasema macho ya baba yamechoka, akachukua sindano, akakishona kifungo mwenyewe. Mshono umenyooka. Nilijisikia fahari kweli, nayasema haya bila mzaha. Kwa saa nzima nilikuwa mtu aliyeridhika, mwenye mtoto, mwenye kila kitu.

Halafu Kinyozi akabandika picha ya Chuo cha Vioo kwenye kioo chake. Kila anayenyolewa lazima aitazame! Nimehesabu vichwa vitano asubuhi, vyote vimempongeza. Mimi nibandike nini? Chuo cha milimani hakina hata kijitabu. Kimeleta karatasi mbili, nyeusi na nyeupe, zinazosisitiza sweta na viatu vya matope. Mama Watoto anasema hiyo ndiyo dalili ya chuo. Mama Watoto hajasoma ubenki.

Basi nimejificha nyuma ya pazia la kupimia, nikapiga simu Chuo cha Vioo. Nimeuliza kwa sauti ya chini kama wanapokea wanaohama kutoka vyuo vya milimani. Dada wa simu kasema wanapokea mtu yeyote, siku yoyote. Hakuuliza matokeo. Hakuuliza hata jina! Kweli, mkubwa wa kweli hana makuu.

Nimeagiza fomu mbili. Moja ya binti, nitaiweka kwenye bitana mpaka atakaponielewa. Ya pili ni ya mdogo wake. Yuko darasa la pili, lakini hilo nalo hawakuuliza. Nimeshamtolea kifungo kimoja kwenye shati la shule.