Baruti ya Gordon na Omena za Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeolewa! Harusi ilikuwa mwezi uliopita, lakini bado mtu akisema "mke wa Gordon" nageuka kutazama ni nani huyo mwenye bahati.

Leo nimekaa kwenye stuli nikimtazama akiandaa vifaa vyake. Wanaume wengine wa Mbita wanatazama mpira. Wangu anapima baruti! Alikuwa askari wa wanyamapori kule mbuga ya Ruma kabla hajafungua duka la injini za boti, na sasa ni mlenga shabaha mwenye leseni na vibali vyote. Ile bastola yake kubwa, yenye tumbo linalozunguka, anaitengenezea risasi mwenyewe. Vidole vile! Vinafungua injini asubuhi, na jioni vinashika punje ya baruti kama vinashika sikio langu.

Kuna makopo mawili na hajaamua atumie lipi. Moja ni baruti ya haraka, vijiduara vyembamba kama magamba ya samaki. Jingine ni ya polepole, punje ndogo ndogo za kijivu. Akanieleza kwamba ya haraka hutumika kidogo tu, inakaa chini kabisa ya ganda la risasi, kwa hiyo mtu aliyechoka anaweza kuimimina mara mbili asijue. Ukifyatua hiyo, bastola inapasuka na mkono unaenda nayo. Ya polepole inajaza ganda. Ukikosea ukarudia, inamwagika mezani na unaona. Tena risasi nene hutaka kusukumwa, haitaki kupigwa kofi.

Haitaki kupigwa kofi! Machozi yalinitoka. Nimeolewa na mshairi.

Jumamosi ni mashindano ya Homa Bay. Mshindi anakwenda fainali Naivasha na mwenzi wake, chumba kinachotazama ziwa, kila kitu kimelipiwa. Sisi hatukupata fungate. Usiku wa harusi tulilala sebuleni kwa sababu shangazi zake walijaza vyumba vyote. Kwa hiyo Naivasha ni lazima.

Kizuizi ni kimoja tu: Machuki wa Isebania, bingwa wa mwaka jana. Nimeamua kumsaidia mume wangu. Yeye hajui bado.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: ujasusi! Mke wa Machuki ni Susana, tulisoma pamoja sekondari kule Migori. Nikampigia simu kana kwamba nataka kumsalimia tu, kisha nimchokoe taratibu mpaka aseme mumewe anatumia baruti gani.

Nilianza vizuri. Nikamuuliza habari za ng'ombe. Nikamuuliza habari za mama mkwe. Halafu nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba wanaume na baruti zao ni vituko kwelikweli. Susana akacheka, akasema wa kwake hutumia yoyote anayoikuta dukani. Akauliza, wa kwangu je?

Basi. Nilieleza yote. Jina la kopo. Rangi ya punje. Ganda kujaa, risasi kusukumwa, hata namna Gordon anavyoshikilia pumzi anapomimina. Susana alikuwa akisema tu, "Enhe? Enhe, dada?" Mpaka salio likaisha.

Ndipo nikakumbuka mimi ndiye niliyekuwa jasusi.

Hata hivyo, ninaweza kunyamaza vipi kuhusu mwanamume kama huyu? Nimnyime dunia?

Jumatano, 6 Agosti

Siku tamu! Tulikwenda uwanja wa shabaha, kule nje ya Magunga, kujaribu baruti zote mbili. Nilibeba chapati na chai kwenye thermos. Nilivaa lile gauni la njano.

Baruti ya haraka ilitoa mlio mkavu, pa! Bastola ikamruka mkononi na matundu yakatawanyika karatasi nzima. Kisha ya polepole. Mama yangu! Moto ulitoka mdomoni mwa bastola kama mkia wa jogoo mwekundu, kifua changu kikatetema, nikamwaga chai. Lakini matundu yote yangeweza kufunikwa na kizibo cha soda. Nikampigia makofi. Akaondoa vizuia kelele masikioni, akauliza kama nimeumia. Nikasema moyoni, ndiyo, na sitapona.

Ameamua: ya polepole. Kopo ni hilo hilo moja, jingine hutoka Nairobi na huchukua muda. Njiani akasema adui wa baruti ni unyevu, tena sisi tunaishi kando ya ziwa. Kifuniko kibane siku zote.

Nimeliweka neno hilo moyoni. Unyevu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua ilinyesha usiku kucha! Asubuhi chumvi jikoni ilikuwa imeshikana kama tofali. Nikaruka. Kama chumvi imekuwa hivyo, baruti je? Gordon alikuwa ameshakwenda dukani kwake. Nikafungua sanduku lake la mbao la baruti, nikagusa makopo. Baridi! Baridi kabisa!

Sasa hapa Mbita kitu chenye maji kinafanywaje? Kinaanikwa. Mama Filister, mama mkwe wangu, alikuwa ameshatandaza nyavu uani na omena zake, vile visamaki vya ziwani, zinang'aa. Nikatandaza nyungo mbili pembeni, baruti ya haraka huku, ya polepole kule. Jua likatoka, zuri. Mama akaja akatazama, akaniuliza, "Nyar Suna, hiyo ni dawa ya viroboto?" Anapenda kuniita hivyo, binti wa Suna, kwetu Migori. Nikamjibu kwamba ni kazi ya mwanawe. Akasema mwanawe alikuwa na akili hadi mwezi uliopita.

Kisha kuku wakaja kula omena. Mama akapiga kelele, mimi nikachukua ufagio. Nilimlenga jogoo. Nikapiga ungo. Ungo ukaruka juu ya ungo mwenzake, na vyote viwili vikaenda kulala kwenye omena.

Sikulia. Mke wa mlenga shabaha halii ovyo. Nilikusanya yote kwa mkono, nikachekecha, nikatoa vichwa vya omena kimoja kimoja, nikaimimina ndani ya kopo la polepole. Iliyobaki nikaitia kwenye lile jingine. Halafu wazo likanijia kama taa: ya haraka na ya polepole zikichanganyika, si tunapata ya wastani? Kama ndoa! Labda nimegundua kitu ambacho Machuki hatakiota kamwe.

Sijamwambia Gordon. Itakuwa zawadi.

Ijumaa, 8 Agosti

Amefungua kopo ili ajaze risasi za kesho. Akanusa. Kwa koleo dogo akatoa jicho la omena, akaliweka juu ya meza kati yetu.

Nikamweleza, mpaka sehemu ya ndoa.

Gordon akakaa. Akasema polepole kwamba baruti zilizochanganyika hakuna binadamu anayejua zitawakaje. Kwamba hata kama zingekuwa zimebaki punje mia safi, asingezitumia. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, akauliza kama naupenda mkono huu. Hapo ndipo nilipolia.

Hakunifokea! Alibeba makopo hadi shambani, akaimwaga yote kwenye matuta ya sukuma wiki, akasema mboga zitaipenda. Kisha akanawa na kunifuta machozi. Wako wapi tena watu kama huyu?

Lakini Naivasha imekwisha. Duka la Nairobi limesema wiki ijayo. Gordon akampigia Machuki, akamsimulia kisa cha kuku na kumwambia kesho asimsubiri.

Jioni pikipiki ikasimama nje. Machuki mwenyewe! Mrefu, kofia pana, anacheka hadi fizi. "Ja-Mbita, mtu wa ziwa, nasikia kuku wako sasa wanataga risasi!" Akatoa kopo la baruti ya polepole, jipya, halijavunjwa muhuri. Alikwenda Nairobi juzi, akanunua mawili ya mwisho. Susana alimsimulia yote, akaona ajaribu. Akasema hawezi kumshinda mtu mwenye bastola tupu, watu wa Isebania watamcheka.

Nilipikia wote wawili kuku. Yule jogoo.

Jumamosi, 9 Agosti

Homa Bay. Machuki ameshinda. Kwa tundu moja.

Amesimama mbele ya watu akasema baruti hii ya polepole imembadilisha, na anamshukuru mke wa Gordon. Susana alinikumbatia. Amenunua tayari kofia ya Naivasha. Gordon wangu alipiga makofi kuliko wote, akasema mwaka jana Machuki alishinda kwa bahati, leo amelenga. Akashikwa bega, akataniwa, akacheka. Nilimtazama nikaona yeye ndiye bingwa. Halafu nikalia chooni kidogo kwa ajili ya kile chumba kinachotazama ziwa.

Jumapili, 10 Agosti

Takawiri! Baada ya kanisa Gordon ameniambia nipande boti, akaiendesha mwenyewe hadi kisiwani. Kuna chumba kidogo. Kinatazama ziwa! Amesema kwa nini twende mbali kutafuta ziwa wakati letu liko mlangoni. Sasa amelala mchangani, kofia usoni. Ninamwandika huku nikimtazama.

Susana amepiga simu. Akauliza, kwa ajili ya fainali, Gordon hufanya nini ili mkono usitetemeke. Nimemweleza vizuri, hadi zoezi la kushika chupa ya maji.

Na nimejifunza. Lile kopo la Machuki limebaki nusu, na jana usiku mvua ilinyesha tena. Asubuhi, Gordon akiwa anawasha injini, nilirudi ndani mbio. Baruti sikuianika uani. Nimeitandaza kwenye ungo juu kabisa, kwenye mabati ya paa, kuku hawafiki. Nitamwambia tukirudi.

Upepo wa ziwa umeanza kuvuma vizuri. Itakauka upesi.