Eneo Lisilo na Mgonjwa

Siku zile mjinga nilikuwa mimi, na kitambulisho cha kuthibitisha kilining'inia shingoni: Mkusanya Takwimu Daraja la Pili, Kurugenzi ya Utulivu wa Nafsi.

Kurugenzi ilikuwa imetangaza, kwa gari lenye spika mbili, Utafiti Mkuu wa Magonjwa ya Akili, Kilosa hadi Mikumi. Tulifundwa siku tatu hotelini. Tulijifunza sampuli nasibu, maana yake unaingia nyumba yoyote isiyo na mbwa. Tulijifunza kundi linganishi, maana yake lazima wapatikane watu wenye akili timamu bila shaka yoyote, ili wagonjwa walinganishwe nao. Hapo tulijiandika sisi wenyewe, kwa kuwa tulikuwa na barua za ajira.

Swali la kwanza kwenye kishikwambi wataalamu walilitunga kwa miezi minane: "Habari za hapa nyumbani?" Visanduku viwili, Nzuri na Mbaya. Ukibonyeza Nzuri, maswali arobaini yaliyobaki yanajifunga yenyewe na kishikwambi kinasema asante. Tuliambiwa hiyo ndiyo teknolojia ya kuokoa muda.

Sasa, mtu wa huku hajibu mbaya. Hata jeneza likiwa sebuleni atakwambia nzuri, akuvutie kiti, ndipo alete "ila" yake. Mimi nimezaliwa huku huku, Ruaha kwenye miwa, na hilo nalijua tangu sijaota meno. Lakini siku zile nilikuwa kazini, kwa hiyo sikulijua.

Magole, Mzee Koinet alinijibu akiwa ameegemea fimbo yake. "Nzuri. Ila tangu mafuriko yabebe ng'ombe wangu, kila asubuhi nafungua zizi tupu nawaita kwa majina."

"Asante," kilisema kishikwambi.

Kidodi, Bibi Agnesi alisema, "Salama, mwanangu. Ila marehemu mume wangu ananikoholea jikoni, na mimi namwitikia."

Asante.

Kisha nikafika kwa Mwamvua, njia ya kwenda Mikumi. Alikuwa anapepeta mchele. Mdogo wake, Yusrah, amekaa mkekani anasuka ukili, ametulia zake.

"Shikamoo, mama. Habari za hapa nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri, baba. Ila huyu mdogo wangu bila ile sindano ya kila mwezi, hapa hakuna anayepumzika. Mwaka juzi dawa ilikatika, tukamkuta barabara ya mbugani anawagombeza tembo wampishe."

Yusrah akainua uso. "Na walinipisha," alisema.

Nikabonyeza. Asante.

Mwamvua akachungulia. "Hiyo ila umeiandika wapi?"

"Mama, ila haina kisanduku."

Alinitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe.

Matokeo yalitoka safi. Wanavijiji wote wazima, asilimia mia. Mgonjwa alipatikana mmoja tu, naye alitoka kundi linganishi: dereva wetu, aliyebonyeza Mbaya siku aliyopata pancha mbili. Alipewa mapumziko.

Kurugenzi ikatutangaza Eneo la Mfano la Akili Timamu. Na kwa kuwa eneo lisilo na mgonjwa halihitaji tiba, ikaelekezwa kwamba Joyce, nesi aliyekuwa akileta zile sindano zahanati kila mwezi, ahamishwe pamoja na sanduku lake la dawa.

Cheti cha heshima hiyo alikileta Mkurugenzi mwenyewe, Dokta Godfrey, kijijini kwa kina Mwamvua. Tulimsubiri tangu saa tatu asubuhi, akafika saa nane, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi, na ubavu wa gari umebonyea. Katibu wake alitutaarifu kuwa njiani kulijitokeza changamoto ya kiikolojia. Mkurugenzi akaanza kusoma hotuba. Bodaboda ikapiga honi barabarani, naye akaingia chini ya meza kuu. Tulipiga makofi, tukidhani ni sehemu ya ratiba.

Alipotoka huko, Mwamvua alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, Joyce akiondoka, mdogo wangu anarudi barabarani kwa tembo. Safari hii wasipompisha je?"

"Mama, takwimu hazina ndugu. Mliulizwa kitaalamu, mkajibu kwa vinywa vyenu wenyewe. Mlisema nzuri."

"Sawa, baba. Na wewe, habari za safari?"

"Nzuri, mama," alijibu papo hapo, maana naye kalelewa vizuri. Kisha akaiweka hotuba mezani. "Ila pale mbugani tembo ameliegemea gari nusu saa nzima. Jicho lake kwenye kioo changu, mama. Mpaka sasa nikifumba macho naliona. Hivi yule nesi hajaondoka bado? Naomba anione kidogo."

Joyce alikuwa pembeni, amelikalia sanduku lake la dawa, barua ya uhamisho mkononi. Ilikuwa na sahihi ya Mkurugenzi. Hakuinuka. Alimtazama Mwamvua.

Mwamvua akanipokonya kishikwambi, akabonyeza Nzuri kwa kidole kilekile cha kuchambulia mchele. Kikasema asante.

"Mama, sijamaliza," alisema Mkurugenzi. "Nilikuwa bado nasema, ila..."

"Ila haina kisanduku, baba."