Risasi Zangu Haziandikwi

Jumatatu, 3 Novemba

Mswada umesomwa bungeni Lansing, makao makuu ya jimbo letu. Kila boksi la risasi liandikwe jina la mnunuzi, na muuzaji akague kitambulisho. Leo risasi, kesho viazi. Nimejiteua mwenyekiti wa upinzani hapa kijijini. Hakuna aliyegombea nami.

Hatua ya kwanza: zisionekane. Nimekusanya risasi zote za nyumba hii, hata ile moja ya kwenye droo ya vijiko, nikazitia katika bomba la plastiki na kulifukia uani. Alama: mlango wa kibanda chetu cha kuvulia samaki kwenye barafu, kilichosimama pale uani. Bomba liko chini ya kizingiti. Kisha, ili mashine za serikali za kunusa chuma zichanganyikiwe, nimefukia misumari, bawaba na misumeno mibovu ua mzima. Akili!

Aili, mke wangu, aliuliza dirishani nachimba nini. Nikasema maua. Akauliza, Novemba? Akafunga dirisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Mkutano wa upinzani ulikuwa leo jioni, ukumbi wa zimamoto. Ili kuwatia watu moto, asubuhi nilipita mgahawani nikanong'ona kwamba kuanzia Jumatatu hakutauzwa risasi tena. Si uongo. Ni ukweli uliowahi kidogo.

Mkutanoni alikuja mchungaji peke yake, kuchukua viti vyake. Wengine wote walikuwa wamekimbilia kununua risasi.

Shemeji yangu Reino, kaka yake Aili, ndiye mwenye duka hapa. Rafu zake zimefagiwa. Lakini amebakiza boksi moja kwa kila nyumba, na anayelitaka aonyeshe leseni ya kuwinda aandikwe jina. Sheria haijapita, yeye keshaitii! Nilimwambia jina langu halitaandikwa kwake mpaka kiama. Akajibu, "Sawa, shemeji. Kiama ni tarehe kumi na tano." Ndiyo siku msimu wa kulungu unapofunguliwa. Sikucheka.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji usiku kucha. Imefika magotini.

Aili amefungua friza. Mfuko wa njegere, basi. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe na mimi kukaa nyumbani, nyama yetu ni ya msituni tu. Kulungu wawili hutufikisha Aprili. Mama mkwe, Bi Hilja, tunaishi naye, na kifua kinambana. Viazi vinamshinda kumeza, anaweza supu ya nyama tu. Amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni. Aili amesema waziwazi anaogopa mama yake hataiona Aprili.

Nimemwambia aniamini. Nitazifukua Jumatano.

Jumatano, 12 Novemba

Kibanda hakipo!

Reino alikuja jana na gari lake la kusukumia theluji, akakikokota hadi ufukweni mwa ziwa kusubiri maji yagande. Hufanya hivyo kila mwaka. Kila mwaka humshukuru. Sasa ua wote ni mweupe, na sijui mlango ulikuwa wapi.

Nikaazima mashine ya mchungaji ya kunusa chuma. Inalia kila mahali. Nimechimba: msumari. Bawaba. Msumari. Nusu ya msumeno. Ardhi imeganda, na mpini wa sururu umekatika. Bi Hilja alinitazama dirishani, akakohoa weee, kisha akasema zamani kwao walikuwa wakifukia viazi, ila walijua walipovifukia.

Ijumaa, 14 Novemba

Kijiji kizima kinanukia mafuta ya bunduki na kahawa. Kila mtu anaenda kambini kuwinda. Jirani gani atakupa risasi leo, na yeye ana boksi moja?

Nimeendesha hadi wilaya ya pili. Rafu tupu. Muuzaji akaniambia kuna mpumbavu mmoja wa upande wetu aliyezusha uvumi. Tukamtukana pamoja.

Niliporudi Aili aliuliza, "Umepata?" Nikaanza kumweleza mkakati. Hakugomba. Alikaa kwenye ngazi akalia polepole, mama yake asisikie. Niliona aibu kweli. Lakini aibu si sababu ya kuunga mkono mswada.

Jumamosi, 15 Novemba

Aili alitoka alfajiri na bunduki yangu. Alipita kwa Reino, akaonyesha leseni, akaandikwa. Anasema kufunga kamba za viatu huchukua muda mrefu kuliko kuandikwa. Mimi nilibaki na sururu isiyo na mpini.

Adhuhuri alirudi akikokota kulungu dume. Bi Hilja amekunywa supu bakuli mbili, na mashavu yamepata damu. Hata amecheka, mara ya kwanza tangu Septemba. Nami nilikula. Nilikula nikipinga.

Jumapili, 16 Novemba

Reino amekuja kula. Aili amepima nyama kwa macho: itafika Mwaka Mpya, si zaidi. Jumamosi ijayo atamfuata kulungu wa pili, ndiye wa kumvusha mama hadi Aprili. Reino amesema mzigo mwingine wa risasi hautafika kabla msimu haujafungwa, kwa hiyo tulitunze lile boksi kama mboni ya jicho.

Neno la kwanza la maana kutoka kwa Reino. Boksi lile lina jina letu. Wanajua liko wapi! Walipokuwa wakiosha vyombo nimelichukua, nikalitia katika kopo la maziwa, nikalipeleka uani. Mashimo hayakunisumbua, niliyachimba mwenyewe wiki nzima. Nimefunika kwa theluji na misumari kidogo juu yake.

Sasa, alama. Mtu mwenye akili hakosei mara mbili. Kibanda ni chepesi, kinakokotwa. Safari hii nimechagua kitu kizito cha chuma: gurudumu la mbele la gari la Reino. Namjua shemeji, hainuki mezani kabla ya bakuli la tatu.

Theluji inaanguka tena. Nasikia gari linawashwa. Aili amemwomba asukume theluji ya ua mzima kabla hajaondoka.