Muhonja na Nyapara wa Wilibaro

Sogezeni vigoda, enyi wa Kabras na wa nchi zote zinazonukia molasi! Zimeni redio, waswageni kuku watoke mlangoni, na mwenye muwa mdomoni ateme makapi kwa adabu. Kwa maana vinasimuliwa hapa vita vya Muhonja binti Andati, Msukuma Wilibaro, Mgeuza Kaka Mara Nne Kutwa, aliyeikabili ofisi ya chama cha wakulima wa miwa akiwa na gurudumu moja tu.

Ilikuwa miaka ile sukari ilipokuwa malkia, matrekta yakiburuta miwa kama ndovu waliovikwa majani, na kila mkono ulioshika panga ukilipwa. Lakini mkono uliomwosha na kumlisha Cornelius, kaka yake Muhonja, aliyeanguka kutoka juu ya trela la miwa akapooza kuanzia kiunoni, haukuwa umelipwa hata ndururu kwa miaka sita. Ndipo chama kikatangaza: kila amtunzaye mlemavu nyumbani atapata posho ya kila mwezi, na orodha itafungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Asipoandikwa, Jumatatu Muhonja angekwenda kupalilia miwa ya watu, na Cornelius angelala peke yake, ubavu mmoja, mpaka jioni.

Basi Ijumaa, umande ungali majanini, akamtandikia kaka magunia mawili katika wilibaro, akaingia njiani, gurudumu likilia kama baragumu la jeshi zima.

"Polepole, dereva! Mimi si mbolea!" akanguruma Cornelius.

"Mbolea hainung'uniki, kaka."

Wakavuka tope lililomeza wengi walio hodari. Wakajiunga na foleni ya wakata miwa, weusi kwa masizi ya mashamba yaliyochomwa. Na saa tisa na nusu wakafika mbele ya dirisha la karani Nehemiah, Mlinzi wa Muhuri. Sasa wajumbe wa chama, ambao hawakujua kazi nyingine duniani isipokuwa miwa, hawakuchapisha fomu mpya. Walitumia kadi ileile ya wakataji.

"Mama, umekata mistari mingapi?"

"Sikati miwa, karani. Namtunza huyu."

"Hata hivyo kadi itiwe sahihi na nyapara. Nyapara wako ni nani?"

"Sina."

"Mama, taja yeyote, jua linatuchoma!" akalalama Osundwa, mkata miwa aliyekuwa nyuma yao.

"Pasipo nyapara hapana kazi," akahutubia Nehemiah, "na pasipo kazi hapana posho." Akashika komeo la dirisha.

Muhonja akaiona Jumatatu: jembe begani, mlango uliofungwa nyuma yake.

"Liache hilo dirisha!" Sauti ilitoka katika wilibaro. "Nyapara ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi! Nani humwamsha alfajiri? Nani hukagua uji na kuurudisha ukiwa na madonge? Nani humfokea akichelewa kunigeuza? Wilaya nzima haijaona nyapara mkali kama mimi. Muulize!"

"Ni kweli," akaapa Muhonja. "Hata Krismasi hatoi likizo."

Foleni ikaangua kicheko hadi mapanga yakagongana. Nehemiah, mpenzi wa kanuni, akaifunua kanuni, akaisoma mbele na nyuma. Haikusema popote kwamba nyapara lazima awe amesimama.

"Basi niulize kama ipasavyo. Mfanyakazi huyu hufika kazini saa ngapi?"

Cornelius akafungua kinywa atanie, akakifumba. Akamtazama dada yake.

"Hafikanga, karani," akasema taratibu. "Kwa sababu haondokanga."

Nehemiah akasukuma kadi nje ya dirisha; Muhonja akainama, na mgongo wake ukawa meza ya sahihi ya nyapara. Kisha muhuri ukashuka, paa! kama mzinga wa ushindi, zikiwa zimesalia dakika nne.

Osundwa akawapa muwa wa njiani. Walipofika penye kivuli, Cornelius akapaza sauti:

"Mfanyakazi!"

"Naam, nyapara."

"Simama. Keti. Ni amri."

Akauvunja muwa juu ya goti lake lisilo na hisia, akabaki na ncha, akampa dada kipande cha chini, penye utamu.

Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa, wajukuu waikariri: Ijumaa ile, saa kumi na moja kasorobo, Muhonja binti Andati aliketi chini, na hapana aliyemwita mpaka muwa ulipokwisha.