Ndege, Tepu na Shangazi wa Vifungo

Jumatatu, 4 Machi
Habari motomoto! Shangazi yake Vifungo anakuja Alhamisi kwa ndege. Vifungo ni binti anayeuza vifungo kibanda cha pili kutoka kwenye cherehani yangu. Ni mke wangu mtarajiwa, ingawa hajakubali. Kasema haolewi na mtu ambaye shangazi hajampitisha. Basi nitampokea mimi uwanjani, kabla ya Soli! Soli ni fundi viatu wa mkabala. Naye anamtaka. Ana kidomodomo, na viatu vyake vinang'aa kupita kiasi.

Jumanne, 5 Machi
Ndege itaruka saa tatu asubuhi. Itatua saa ngapi, Vifungo hajui. Kanishauri nipige simu uwanjani niulize. Niulize? Mimi, fundi mzima? Nikaenda duka la vitabu lenye ramani kubwa ukutani, nikachomoa tepu shingoni. Uwanja hadi uwanja, sentimita kumi na mbili. Kila sentimita ni kilomita mia mbili. Elfu mbili na mia nne! Ndege hukata mia nane kwa saa. Safari ya masaa matatu, itatua saa sita mchana. Mwenye duka kaniomba nisipake ramani yake chaki. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshtuka katikati ya kukata suruali. Sikuacha nafasi ya mshono! Hakuna fundi mwenye akili zake anayekata kipimo kikavu. Nimeongeza sentimita mbili huku, mbili kule. Kilomita mia nane zaidi, saa nzima zaidi. Itatua saa saba. Ningeenda kuzubaa bure! Soli yuko kwenye simu, anachekacheka. Hesabu hajui, maskini.

Alhamisi, 7 Machi
Saa saba kamili nilikuwa uwanjani, suti mpya, maua mkononi. Ndege ilitua saa sita na dakika tano. Tulibaki mimi na mfagiaji. Nikampa yeye maua, akafurahi sana. Kumbe Soli aliuliza kwa simu! Uvivu wa kufikiri huo.

Nilikwenda kumsalimia shangazi, nikamkuta na viatu vipya miguuni. Nikamweleza yote, pamoja na mshono. Alicheka hadi akapaliwa, akaniambia mwanangu, ndege haishonwi. Halafu akasema nina moyo mzuri, ila anataka mkwe anayefika. Jumapili anarudi kwa ndege ya saa tisa alasiri. Nikiwahi kumuaga uwanjani, Vifungo ni wangu. Nikichelewa, ni wa Soli. Nimetoka pale nikirukaruka, nimejigonga mlangoni, sikuumia hata kidogo!

Jumamosi, 9 Machi
Vifungo kanisihi kesho nitoke saa tano asubuhi, eti barabara ya uwanjani inakula masaa mawili na ushee. Machozi yalimlengalenga. Ananipenda! Nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa shati kwenye kola.

Lakini mimi sikurupuki. Nimerudi kwenye ramani, mikono nimenawa. Kutoka kibandani kwangu hadi uwanjani nimepima mara tatu, tepu haisogei. Vyote vimo ndani ya nukta moja! Umbali sifuri, muda sifuri. Na funzo nimelishika: safari hii siongezi nafasi ya mshono. Kesho nafunga kibanda saa tisa kasoro dakika tano. Hizo tano ni za kufunga tai.